Busia Haikuwa Milki ya Waziri

Liko swali ambalo huulizwa kwa nadra katika mikutano yetu kwa kuwa kila mmoja hudhani jibu lake linajulikana: kati ya serikali na jamii, ni nani aliyemtangulia mwenzake, na ni nani apasaye kumwomba mwenzake ruhusa? Hapa Burumba, karibu kabisa na mpaka, historia hulijibu swali hilo kabla sheria haijafungua kinywa. Wateso na Wasamia walikuwa wakioana na kuzikana huku na huko kabla ya Waingereza, mwaka 1902, kuumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Baadaye vikawekwa vituo viwili vya forodha, na katikati yake ukaachwa mwanya ambao mtu mwenye mzigo alilazimika kuutembea kwa miguu. Serikali zote mbili hazikumfikiria mtu huyo. Waliomfikiria ni vijana wenye baiskeli, waliomchukua toka mpaka hadi mpaka wakiita "boda, boda", na neno lao sasa limeenea Afrika Mashariki. Hawakungoja waziri awape jina wala kazi.

Sisemi kwamba jamii haihitaji serikali. Nasema kwamba serikali ni chombo kilichoundwa na watu waliokuwapo tayari, nacho kikijisahau hujiona kuwa mwenye nyumba. Mji huu unao ushahidi mchungu wa jambo hilo.

Agosti 1990, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, ambaye alikuwa mbunge kutoka wilaya hii, aliwaonya hadharani maaskofu wa Kianglikana Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu wasikanyage Busia. Wakithubutu wangeona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Kosa lao lilikuwa kuyakemea mambo ambayo wengi waliyanong'ona tu, ukiwamo unyang'anyi wa ardhi na ule uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988. Tarehe 14 Agosti Askofu Muge alikuja. Watu walimpokea. Akirejea Eldoret siku hiyo hiyo, gari lake liligongana na lori akafa papo hapo. Dereva wa lori alifungwa, waziri alijiuzulu. Mengi yamesemwa juu ya ajali ile, nami sitaongeza uvumi juu ya uvumi.

Ninalotaka tulitazame ni lile onyo lenyewe. Katiba ya wakati huo, katika kifungu cha 81, ilimpa kila raia uhuru wa kwenda atakako. Waziri hakuwa na sheria yoyote ya kumzuia askofu kuingia Busia, wala hakujisumbua kuitafuta. Aliongea kama mtu anayefukuza ng'ombe wa jirani shambani mwake. Naye hakuitunga fikra hiyo peke yake. Kifungu cha 23 kiliyaweka mamlaka yote ya utendaji mikononi mwa Rais. Kifungu cha 2A, tangu 1982, kiliruhusu chama kimoja tu. Mwaka 1986 Mkuu wa Sheria na Mkaguzi wa Hesabu walinyang'anywa ulinzi wa kazi zao, na mwaka 1988 majaji wakafuata. Mkuu wa wilaya ndiye aliyetoa kibali cha mkutano, na chifu alikuwa na sheria ya kikoloni iliyomruhusu kuamuru watu hata kazi za kufanya. Mamlaka yalishuka toka juu ngazi kwa ngazi, na mwananchi akawa chini ya ngazi ya mwisho. Mtu aliyezoea kupokea amri toka juu hustaajabu sana akiulizwa swali toka chini.

Wapo waumini walioniambia, tena kwa unyofu, kwamba Mtume Paulo anatuagiza tutii wenye mamlaka. Ni kweli. Lakini sura hiyo hiyo ya Warumi humwita mtawala mtumishi. Tena Paulo mwenyewe, alipofungwa Filipi bila hukumu na mahakimu wakataka kumtoa kimyakimya, alikataa kuondoka mpaka waje wao wenyewe kumtoa. Kwa macho ya wakili, hilo ni dai la raia anayeijua haki yake, na halikumpunguzia utiifu hata chembe.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka 1997 kibali cha mkutano kiliondolewa, na tangu hapo polisi hupewa taarifa tu. Katiba ya 2010 ikageuza ngazi yote juu chini: kifungu cha 129 chasema mamlaka ya utendaji hutoka kwa wananchi. Ni maneno mazito, lakini tabia haifutwi kwa kura ya bunge. Leo hatuambiwi tusikanyage Busia. Tunaitwa kwenye kikao cha kutoa maoni, tunaandikisha majina na kunywa soda, kisha bajeti inapitishwa kama ilivyoandikwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitia vikao vya namna hiyo. Ulipopitishwa tarehe 25 Juni, vijana waliingia Bungeni na wengine wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Ilihitajika damu ili maoni yaliyokwisha kutolewa yasikike. Katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, ambayo Seneta wetu Okiya Omtatah alikuwa mmoja wa walioifungua, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, lakini Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wake Oktoba. Nauheshimu uamuzi huo. Sioni, hata hivyo, kwa nini mwajiri asielezwe sababu ya kukataliwa ushauri wake.

Serikali ikijua kazi yake, mambo huwezekana. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimefanya lori likaguliwe upande mmoja badala ya miwili. Lakini mama mwenye magunia ya mahindi yanayotoka nchi za Jumuiya, yasiyozidi thamani ya dola 2,000, anayo haki ya cheti rahisi cha asili ya bidhaa kisichomtaka wakala. Wangapi wameambiwa? Asiyeambiwa hupita njia za panya, na huko hukutana na askari anayejua bei ya kunyamaza kwake.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika mbele ya bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria ya 2016 ya kupata habari huipa ofisi siku 21 kumjibu mwombaji. Basi kila parokia na kila tawi letu liandike barua kabla ya tarehe hiyo, liulize ni kiasi gani kimetengewa soko, maji na zahanati ya wadi yake, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.