Makumbusho yanahamia mtandaoni, lakini ufunguo anabaki nao nani?

Agosti 2023, jumba la makumbusho la British Museum jijini London lilitoa taarifa iliyowashangaza wengi: vitu kutoka kwenye stoo zake vilikuwa vimeibwa, kupotea au kuharibiwa. Baadaye hesabu ilitajwa kuwa takriban vitu 2,000.

Si kwamba mwizi alivunja mlango usiku. Vingi vilikuwa vitu vidogo, kama vito vya kale na vipande vya dhahabu, ambavyo havikuwa kwenye maonyesho. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale kutoka Denmark aliona baadhi yake vikiuzwa kwenye eBay na akatoa taarifa tangu 2021. Mkurugenzi wa jumba hilo, Hartwig Fischer, alikiri kwamba onyo lile halikushughulikiwa ipasavyo, na akajiuzulu.

Tatizo kubwa lilikuwa moja: sehemu ya vitu hivyo haikuwa imeorodheshwa kikamilifu. Walinzi walikuwepo getini, lakini orodha ilikuwa na mapengo. Na kitu ambacho hakijaandikwa kikitoweka, nani atathibitisha kwamba kilikuwepo?

Oktoba mwaka huohuo, jumba hilo likatangaza mpango wa kuweka mkusanyiko wake wote mtandaoni ndani ya miaka 5. Rekodi zinazohitaji kupakiwa au kuboreshwa ni milioni 2.4, na gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 10.

Ghafla, watu ambao kwa miaka walikaa chumba cha nyuma na kompyuta zao wakawa ndio tegemeo.

Kazi isiyoonekana

Ukisikia “teknolojia ya kidijitali kwenye makumbusho”, huenda unafikiria miwani ya 3D au skrini kubwa ya kugusa. Hayo ni mapambo. Kazi yenyewe ni ya subira.

Mfanyakazi anatoa kitu kwenye kabati, anakipima, anakipa namba, anakipiga picha kikiwa kando ya rula na kadi ya rangi. Kisha anajaza kanzidata: kimetengenezwa kwa nini, kimetoka wapi, nani alikileta, mwaka gani. Mara nyingi taarifa hizo ziko kwenye daftari la zamani lenye mwandiko usiosomeka.

Kwa picha ya 3D, anaweza kukizunguka kitu akipiga mamia ya picha, kisha programu inaziunganisha. Na hata akimaliza, hajamaliza. Diski huharibika na programu hupitwa na wakati, hivyo lazima faili zinakiliwe na kuhamishwa tena na tena.

Faida yake inaonekana siku ya balaa. Tarehe 2 Septemba 2018, moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil jijini Rio de Janeiro, yaliyokuwa na vitu takriban milioni 20. Baadhi ya vitu vilikuwa tayari vimepigwa picha za CT na za 3D, na faili hizo ziliwasaidia watafiti kutengeneza nakala. Lakini rekodi za sauti za lugha za wenyeji, nyingine za lugha ambazo leo hazina mzungumzaji, ziliungua. Zile ambazo hazikuwa na nakala hazitasikika tena.

Kwa hiyo hoja ya kwanza haina ubishi: kuandika na kunakili ni ulinzi. Ubishi unaanza kwenye hoja ya pili. Nani anaandika, na faili ni mali ya nani?

Kenya ilipoanza kuhesabu vyake

Swali hilo si la London peke yake. Mwaka 2018, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii na watafiti kutoka Kenya na Ulaya pamoja na majumba ya makumbusho ya Ujerumani walianza mradi unaoitwa International Inventories Programme. Lengo lilikuwa rahisi kulitamka, gumu kulitekeleza: kujua ni vitu gani vya Kenya viko nje ya nchi, na viko wapi.

Waliandikia majumba ya nje wakiomba orodha. Kutokana na majibu yaliyopatikana, kanzidata yao ilifikisha zaidi ya vitu 32,000. Mwaka 2021 wakafanya maonyesho Nairobi, kisha Cologne na Frankfurt.

Tafakari hapo kidogo. Nchi inaomba kwa barua pepe orodha ya vitu vyake yenyewe. Hata kabla ya kudai kitu kirudi, lazima kwanza ujue kipo. Na kujua huko kunategemea kama mfanyakazi fulani wa Ulaya alishaandika neno “Kenya” kwenye kompyuta yake. Kama daftari la zamani lilisema tu “Afrika Mashariki”, ukitafuta hutaona kitu.

Mfano unaowauma wengi ni ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana. Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 iko British Museum. Kwa zaidi ya miaka 100 imekaa stoo. Kwa Wapokomo ilikuwa alama ya utawala na umoja wao. Kwenye kumbukumbu za jumba, ni kitu chenye namba.

Jina la kitu na jina la mchukuaji

Hapa ndipo kazi ya mtu wa kanzidata inapogeuka kuwa siasa, apende asipende. Rekodi nyingi za kikoloni zinataja nani alikichukua kitu, si nani alikitengeneza. Ukiinakili rekodi kama ilivyo na kuipandisha mtandaoni, umeisambaza dhuluma ileile kwa kasi zaidi.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Novemba 2022 ilizinduliwa tovuti ya Digital Benin, inayokusanya taarifa za zaidi ya vitu 5,000 vya ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, ambao uliporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Wakati wa uzinduzi, vitu hivyo vilikuwa vimetawanyika kwenye taasisi 131 katika nchi 20.

Timu yake ilikuwa na watu Ulaya, Marekani na pia Benin City kwenyewe. Waliweka majina ya vitu kwa lugha ya Edo, wakarekodi masimulizi ya wazee, wakaonyesha kila kitu kiko jumba gani. Mtu akiwa na simu Benin City anaweza kuona ni nani ameshika nini. Kumbe kanzidata inaweza pia kuwa ushahidi mikononi mwa mwenye mali.

Picha ya ngoma haipigwi

Lakini kuna mtego. Ni rahisi kwa jumba la nje kusema: tumeshawawekea picha mtandaoni, mnataka nini tena?

Wataalamu waliliona hilo mapema. Ripoti ya Felwine Sarr na Bénédicte Savoy ya Novemba 2018, iliyoandikwa kwa ombi la rais wa Ufaransa, ilipendekeza vitu vya Afrika virudishwe na picha zake ziwekwe wazi kwa wote. Machi 2019, zaidi ya wasomi 100 walijibu kwa barua. Walisema uamuzi wa kupiga picha na kuziachia mtandaoni ni wa jamii husika, si wa aliyekishika kitu.

Hoja yao ina uzito. Si kila kitu kinafaa kuonwa na kila mtu. Kitu ambacho kwa desturi huonwa na wazee wachache tu, ukikiweka mtandaoni kinaweza kugeuka stika ya WhatsApp.

Halafu kuna pesa. Picha za tovuti ya British Museum zinaruhusiwa kutumika bure kwa masharti, ila si kwa biashara. Maana yake, mchapishaji wa Mombasa anayetaka kuuza kitabu chenye picha ya kitu kilichotoka pwani ya Kenya hana budi kuomba leseni London. Yaani kitu kiko kwao, na picha nayo iko kwao.

Mradi una mwisho, seva haina

Upande wa Afrika nao una maswali ya kujibu. Miradi mingi ya aina hii huendeshwa kwa fedha za wafadhili. Mradi una tarehe ya kwisha. Seva haina. Kila mwezi kuna bili ya umeme, ya intaneti, ya kuhifadhi faili, na mshahara wa mtu anayejua faili gani iko wapi. Huyo akiondoka kwa sababu mkataba umekwisha, ujuzi unaondoka naye.

Kwa hiyo serikali ikitangaza kwamba makumbusho “yamekwenda kidijitali”, mwananchi ana haki ya kuuliza mambo manne. Faili zinatunzwa nchini au kwa kampuni ya nje? Nani anamiliki picha? Jamii yenye kitu iliulizwa? Na wanaofanya kazi hiyo wameajiriwa, au ni vijana wa mkataba wa miezi 6?

Majibu hayo ndiyo yataonyesha kama teknolojia imefungua kabati la zamani, au imejenga jipya lenye kufuli lilelile.

Wapokomo wanaweza kuonyeshwa ngadji kwenye skrini, wakaizungusha kwa kidole na kuikuza hadi waone nyufa za mbao. Lakini waliyoidai kwa miaka yote hii ni ngoma yenyewe.