Mashine ya Barafu Safarini: Haja au Pambo?



Wapenzi wasomaji, wiki iliyopita ilinifikia barua ya mama mmoja wa Kisauni. Yeye na mumewe wamenuia, inshaallah, likizo ya mwezi wa Agosti kukodi gari la safari, lile lenye vitanda na jiko ndani yake, wawapeleke watoto Nakuru kumzuru shemeji yao, kisha walale usiku mbili katika kambi ya mbuga ya Ziwa Nakuru. Mume ameona dukani mashine ndogo ya kutengeneza barafu, ya kubebeka kwa mkono, bei yake ni kama ya mbuzi wawili wazuri, naye ameazimia kuinunua kwa ajili ya safari hiyo. Mke aona ni fedha za kutupwa. Wamebishana siku nyingi, na mwisho wamekubaliana kwa jambo moja tu: kuniandikia mimi niwaamulie.

Nilikuwa karibu kuiweka kando barua ile nikidhani ni mzaha wa watu wa nyumba moja. Lakini mstari wake wa mwisho ulisema: “Na kijana wetu wa miaka 11 anadungwa insulini kila siku.” Hapo nikaiacha mada niliyokuwa nimeiandaa, nikaona hii ndiyo ya wiki.

Wanazuoni wetu wa misingi ya sheria, na miongoni mwao Imamu Shatibi wa Gharnata aliyefariki mwaka 790 Hijria, wametufundisha kuyapanga mahitaji ya mwanadamu katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambayo ikikosekana uhai au dini huingia hatarini. Ya pili ni haja, ambayo ikikosekana mtu hupata uzito na mashaka, lakini haangamii. Ya tatu ni pambo, ambalo huongeza uzuri na raha. Pambo si haramu. Kosa ni kulilipia pambo kwa fungu la dharura, au kuliita pambo dharura ili nafsi ipate udhuru.

Wala tusidhani kwamba kupenda barafu safarini ni jambo la zama zetu. Imamu Tabari amesimulia katika historia yake kwamba mwaka 160 Hijria, sawa na 777 Miladia, Khalifa Mahdi wa Bani Abbas alipokwenda kuhiji alipelekewa barafu hadi Makka, na kwamba yeye ndiye khalifa wa kwanza kufanyiwa hivyo. Fikiri barafu ikivushwa jangwani juu ya migongo ya wanyama! Ilikuwa raha ya mfalme, na gharama yake ilikuwa ya kifalme. Leo raha hiyo inauzwa dukani, na mtu wa kawaida aweza kuimudu. Swali letu basi ni hili: katika safari ya kutoka Mombasa hadi Nakuru, barafu ni ya kazi gani, na mashine hii yaweza kuifanya kazi hiyo?

Tuanze na mashine yenyewe. Hutiwa maji, huunganishwa na umeme, na baada ya dakika kati ya 6 na 13 hutoa vipande vidogo kama 9, vyenye tundu katikati. Nyingi hutangazwa kuwa zatoa kilo 10 hadi 12 kwa siku nzima. Hiyo ni sifa yake, na ni ya kweli ikiwa imetulia mezani, mahali pasipo joto kali. Lakini wengi hawaambiwi dukani kwamba mashine hii si friza. Haina uwezo wa kuihifadhi barafu iliyoitengeneza. Barafu ikikaa ndani yake huyeyuka, maji hurudi chini, kisha huanza tena kugandishwa. Kwa hiyo mwenye mashine bado atahitaji sanduku la baridi. Tena yataka ikae sawasawa bila kuinama, na gari likitikisika maji humwagika. Na ikishalazwa ubavu wakati wa kubebwa, yapasa isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Kisha kuna umeme. Mashine ya wati 120 ikitumia betri ya gari ya volti 12 kupitia inveta, itavuta ampea 10 na zaidi. Betri ya gari la kawaida ina uwezo wa kama ampea-saa 60 au 70, na si vyema kuitumia zaidi ya nusu yake. Injini ikiwa imezimwa, basi, baada ya saa 3 hivi mmeanza kuila akiba ya kuwashia gari. Gari litakapogoma alfajiri mkiwa kambini ndani ya mbuga yenye nyati na simba, hakuna atakayeshuka kulisukuma.

Sasa tuitazame njia. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Nakuru ni 160 hivi. Joto la kuogopwa lipo katika sehemu ya mwanzo: Mariakani, Voi, Mtito Andei. Baada ya hapo nchi yapanda, na mji wa Nakuru umekaa kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mimi nina binti aliyeolewa huko, nami humzuru kila mwaka. Mwezi wa Agosti usiku wake hunilazimisha kuvaa sweta, na jambo la kwanza mgeni wa Pwani aliulizalo akifika ni chai ya moto. Mashine ya barafu, basi, mngeibeba njia nzima ya joto ikiwa haiwezi kufanya kazi kwa mtikisiko, kisha mkaiwasha mahali ambapo hamwihitaji sana.

Njia iliyo nyepesi ni ya zamani. Siku mbili kabla ya safari, jazeni maji katika chupa ngumu za kutumika tena, muache nafasi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, muzigandishe katika friza ya nyumbani au ya jirani. Ziwekeni katika sanduku la baridi lenye kuta nene, pamoja na samaki wa kumpelekea shemeji na chakula cha watoto. Donge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo. Na katika kuyeyuka kwake, kilo moja ya barafu hufyonza joto lililo sawa na lile la kuyapasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Hilo si jambo dogo. Nazitaja chupa za kutumika tena kwa makusudi, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 serikali imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja ndani ya mbuga na hifadhi za taifa, zikiwemo zile chupa za maji za kutupwa. Na mkisha kufika, kama shemeji ana mtungi wa udongo, utumieni. Mtungi hupoza maji kwa kule kuvuja kwake na kukauka, na hewa kavu ya bara huufanya upoze vizuri kuliko hewa yetu yenye unyevu wa bahari.

Ama maji ya kutengenezea barafu, hapo pana nasaha ya afya. Kuganda hakuui vijidudu vyote, basi maji machafu hutoa barafu chafu. Na visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, vina floridi nyingi, ambayo ndiyo sababu ya meno ya kahawia mnayoyaona kwa baadhi ya waliokulia huko. Maji mengi ya visima hivyo hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuyachemsha hakuiondoi floridi. Siku chache hazitamdhuru mgeni, lakini mwenye watoto wanaokua huko na aulize maji yake yatoka wapi, na maji ya mvua yaliyokingwa na kutunzwa vizuri ni bora zaidi.

Sasa narudi kwa ule mstari wa mwisho wa barua, nami yanilazimu kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilisafiri kwenda Nakuru na dada yangu mkubwa, ambaye ana maradhi ya sukari. Nikajifanya mjuzi. Nilizichukua chupa zake zote za insulini, ile iliyokwisha kufunguliwa na za akiba, nikazilaza juu ya barafu moja kwa moja ndani ya sanduku, nikifikiri kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo dawa inavyosalimika. Tulifika salama, tukala, tukacheka. Siku ya pili dada akawa anakunywa maji bila kukata kiu, macho yamemlegea. Tulipompima, sukari ilikuwa imepanda sana ilhali alikuwa amejidunga kama kawaida. Jirani wa binti yangu, muuguzi, aliitazama ile chupa, akauliza: “Hii ililazwa wapi?” Nilipomwambia, alitikisa kichwa. Insulini ikiganda huharibika, na hata ikiyeyuka tena na kuonekana safi machoni, haifai kutumiwa. Usiku ule tulizunguka mjini kutafuta duka la dawa lililo wazi, na Allah Mtukufu akatusahilishia. Dada aliponyanyuka aliniambia neno moja: “Mdogo wangu, baridi yako ilitaka kuniua.” Sina jibu lake hadi leo.

Basi enyi wazazi wa Kisauni, na kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari, shikeni haya. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, wala isiganda kamwe. Itieni katika kopo lenye kifuniko, lizungusheni taulo, muliweke mbali na barafu ndani ya sanduku. Gari mlikodilo likiwa na friji, isigusane na sehemu ya kugandishia. Ile iliyofunguliwa, aina nyingi zaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki 4 maadamu joto halizidi nyuzi 30, na Nakuru mara nyingi haifiki hapo mchana. Someni karatasi iliyo ndani ya pakiti yake na mumuulize mfamasia wenu kabla ya kuondoka, kwani aina hutofautiana. Musiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kuswali Adhuhuri. Na akiba igawanywe katika mikoba miwili, ili moja ikipotea au ikiharibika kijana asikose dawa.

Hapa ndipo zile daraja tatu zinapotusaidia. Dawa ya kijana ni dharura, nayo haihitaji mashine ya barafu. Yahitaji kopo, taulo, kipimajoto kidogo na mtu mmoja mzima aliyekabidhiwa jukumu hilo kwa jina. Samaki na chakula ni haja, na sanduku lenye madonge ya barafu latosha. Sharubati baridi jioni kando ya ziwa ni pambo, na ni pambo zuri, lakini halistahili bei ya mbuzi wawili katika safari ya siku chache.

Simlaumu baba huyu. Nia yake ni kuwafurahisha watu wake, na hiyo ni sadaka. Wala simsifu mama kwa kushinda, kwani ndoa si mashindano. Mashine hii ina mahali pake. Nyumba yenye umeme wa uhakika, inayouza sharubati au inayofuturisha watu mwezi wa Ramadhani, itafaidika nayo. Msafiri anayekaa wiki nyingi mahali penye umeme aweza kuifikiria pia. Na atakayeinunua asiifungie kabatini. Chombo kinachoazimwa jirani akiwa na harusi au msiba huleta thawabu hata mwenyewe akiwa amelala, na kuwanyima watu vyombo vya matumizi ni tabia iliyokemewa katika dini yetu.

Jibu langu kwa wawili hawa ni hili: kwa safari hii, musiinunue. Sehemu ya fedha hizo nunueni sanduku zuri la baridi, ambalo litawafaa miaka mingi, na kipimajoto cha dawa ya kijana. Zitakazobaki zitieni katika ada za shule, kama mama alivyotaka. Na usiku wa kwanza kambini, baba na awashe jiko awachemshie watoto maziwa ya Nakuru yenye tangawizi. Wataikumbuka baridi ile kwa muda mrefu, na hawatamwuliza habari ya barafu.

Allah awafikishe salama na awarejeshe salama, ampe kijana wao afya, na atujaalie sote kujua tofauti baina ya tunachokihitaji na tunachokitamani. Amin.

Wabillahi tawfiq.