Kioo cha Volkano na Maji ya Bonde la Ufa

Watu wa Bonde la Ufa, tangu Nakuru, Kenya, mpaka miteremko ya Mlima Meru, Tanzania, wameirithi milima ya moto pamoja na baraka na balaa zake. Kwani miamba ile ile iliyoirutubisha ardhi ndiyo iliyoyatia maji ya visima floraidi kupita kiasi, hata watoto wakakua na meno ya kahawia, na wengine, ambao floraidi ya maji yao imezidi mno, wakapindika mifupa. Rai yangu ni kwamba katika mawe ya bonde hilo hilo imo sehemu ya tiba, na kwamba serikali za Kenya na Tanzania zina wajibu wa kuitoa maabarani na kuifikisha visimani.

Lava yenye silika nyingi ikipoa upesi, isipate nafasi ya kuwa fuwele, hugeuka kioo, mfano wa kile cheusi cha Eburru, karibu na Naivasha, ambacho watu wa kale walikichonga kuwa visu vyao. Kioo hicho kikisagwa, kikatiwa katika maji ya kostiki na kupashwa moto wa takriban nyuzi 100 kwa saa nyingi, silika na alumini zake hujipanga upya zikawa zeoliti, fuwele zenye vijumba vidogo mno, ambamo sodiamu imekaa kama mpangaji aliye tayari kumpisha mwingine: ipitapo risasi, au amonia, au chokaa inayoizuia sabuni kutoa povu majini, sodiamu hutoka, na mgeni yule akazuiliwa ndani.

Wala kazi hii si ngeni kwetu, maana Mwenyezi Mungu ameitenda pale Ziwa Magadi, ambako majivu ya volkano yaligeuzwa zeoliti na maji makali ya ziwa. Na kostiki yenyewe hupatikana kwa kuchanganya magadi na chokaa.

Hata hivyo, insafu yataka isemwe kwamba zeoliti tupu haikamati floraidi, kwa kuwa zote mbili zina chaji hasi. Sharti kwanza itiwe alumini au chuma. Aidha, miongoni mwa zeoliti za Magadi imo erioniti, ambayo nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi huleta saratani, kama ilivyowafika wanavijiji wa Kapadokia, nchini Uturuki. Na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuitengeneza zeoliti kwa kipimo, aina iliyo salama, badala ya kuichimba ovyo.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kilikwisha kuthibitisha kwamba mkaa wa mifupa waweza kuchuja floraidi. Basi zeoliti nayo ijaribiwe vivyo hivyo: vyuo vikuu na mamlaka za maji zijenge mtambo wake mdogo kando ya kisima kimoja, zipime maji yaingiayo na yatokayo kwa kadiri ya Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na zitangaze matokeo na gharama hadharani, ili raia wanywao maji hayo wajue wana haki ya kudai nini.