Vumbi Halijimwagi Lenyewe

Dada zangu, siku hizi haipiti harusi wala hitma bila mwenzetu mmoja kutoa simu na kutuonyesha roboti lake la kufagia. Si lile la zamani la kuzunguka ovyo na kugonga miguu ya meza. Hili jipya lina kituo chake ukutani: likimaliza kufagia linarudi, linajimwaga taka, linajichaji, na mwenye nyumba hajainuka kwenye kochi. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza na maneno yanayofuata, maana hayakosi kufuata: hili halidai mshahara, haliombi ruhusa ya kwenda kwao, halibebi mimba, halipeleki maneno kwa jirani. Tunacheka sote. Na aliyeleta sinia la chai amesimama mlangoni, anasikia.

Nayapinga maneno hayo, na nayapinga nikiwa Tabora, mahali ambapo vumbi si hadithi. Sisi tuliokulia visiwani tunajua mchanga wa pwani, mzito, wenye unyevu, unaotulia ulipo. Huku mvua ikikatika mwezi wa tano, hairudi mpaka Novemba. Katikati hapo ni upepo, pikipiki, na barabara za ndani za Isevya na Ng'ambo ambazo lami haijazifikia zote. Unafagia alfajiri, adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Wavu wa dirishani unazuia mbu, vumbi linapita. Msala uliokunjwa jana ukiukunjua leo unapiga chafya.

Kwa hiyo anayetaka mashine simwiti mvivu. Kuinama na ufagio wa chelewa mara tatu kwa siku ni kazi ya mgongo, na migongo inayouma ni yetu. Mbona mwanamume akinunua pikipiki haambiwi amekuwa mvivu wa kutembea? Bi Fatma, binti wa Mtume, mikono ilimuuma kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakuitwa mvivu. Alifundishwa nyiradi za kusoma wakati wa kulala, akaambiwa ni bora kwake kuliko mtumishi. Wako waume wanaopenda kuisimulia habari hii ili wake zao wanyamaze, na huishia hapo hapo. Hawafiki pale Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake.

Sasa tuje kwenye hilo neno "linajimwaga". Ndilo linalouzwa, na ndilo linaloongeza bei. Roboti lenyewe lina kisanduku kidogo cha taka, hakifiki nusu lita kwa mengi yao. Likirudi kituoni, mota iliyomo ndani ya kituo inavuta taka zile kwa sekunde chache, kwa kelele ya kumwamsha mtoto, mpaka kwenye mfuko wa lita mbili au tatu. Watengenezaji wanasema mfuko unakaa hata siku 60. Siku 60 za nani? Za nyumba ya Ulaya yenye zulia, manyoya ya paka na makombo ya mkate. Mchanga wa Tabora utaujaza mapema zaidi, utaziba kichujio, na kama roboti lako linapiga na deki, vumbi lililolowa linageuka udongo wa kufinyangia ndani ya bomba. Kisha mfuko ukijaa haurudiwi, unatupwa, unanunua mwingine. Uuze nani Tabora? Utaagiza Dar es Salaam, au utamsumbua shemeji aliyeko Dubai.

Na atakayeutoa mfuko huo, akaupeleka jaani, akapangusa kichujio, akakata nywele za rasta zilizojisokota kwenye brashi, ni nani? Unamjua. Ndiye yule wa sinia la chai. Taka hazikujimwaga, zimesogezwa tu kutoka machoni mwako mpaka mikononi mwake.

Nikishauri kwa kweli ya moyo, kwa nyumba ya huku nunua lile la kumwaga kwa mkono. Kisanduku unakitoa, unakikung'uta, dakika moja imetosha. Pesa iliyobaki utaiona kazi yake mbele. Angalia kama linavuka kizingiti, maana mengi yanashindwa kikizidi sentimita mbili, na nyumba zetu zina vizingiti vya kujikwaa mtu mzima. Mkeka wa ukindu na busati lenye mashada vikunjwe kwanza. Ukiletewa zawadi kutoka Marekani, geuza kituo usome maandishi ya chini: vituo vingi vya huko vimetengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni 230. Ukichomeka bila kusoma, moshi utakaouona si wa udi. Tena uulize kama linafanya kazi kwa kubonyeza kitufe tu, bila intaneti. Kampuni ya iRobot, iliyoleta Roomba sokoni mwaka 2002 na kituo cha kujimwaga mwaka 2018, yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Desemba 2025. Roboti linalotegemea kampuni ya mbali ili liamke asubuhi ni mkopo ambao hukuuomba.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, na kwetu wanawake ni kubwa kuliko bei. Baadhi ya maroboti haya yanaona njia kwa kamera. Mwaka 2022 gazeti la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa na maroboti ya majaribio ya iRobot, mojawapo ya mwanamke aliyekaa chooni, zilivyofika mikononi mwa vibarua wa kuzichambua na kisha zikavuja mtandaoni. Kampuni ilijibu kwamba yalikuwa maroboti ya majaribio, si ya dukani, na waliokuwa nayo walikubali kurekodiwa. Sawa. Mimi nauliza swali la nyumbani: sisi tunaobisha hodi na kungoja kabla ya kuingia kwa mwenzetu, tunaliruhusuje jicho litembee sakafuni wakati watoto wa kike wamevua mitandio? Yapo yanayopima njia kwa miale ya leza bila kamera. Chukua hayo, na usimwachie kijana wa dukani akuchagulie.

Sasa nirudi kwa aliyesimama mlangoni, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaona tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 kabla ya kuanza safari yake ya mwisho. Sasa ni makumbusho. Utaambiwa nani alilala wapi, Stanley alifika lini. Njiani utaona miembe, na utaambiwa ni ya enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Majina ya matajiri yamehifadhiwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya kilo kama 30 begani, mwendo wa kama miezi mitatu kutoka pwani mpaka hapa, ni watu bila majina. Wake zao waliofuatana nao na vyungu, mikeka na watoto mgongoni hata hesabu hawamo. Na waliofungwa minyororo ndio kabisa. Katika masimulizi yetu ya Unguja, pembe "zilifika". Zilifikaje? Zilijileta? Ndiyo lugha ile ile ya roboti: vumbi "linajimwaga", nyumba "inajifagia". Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa Tanganyika ukafutwa kisheria mwaka 1922, lakini mazoea ya kutomwona anayebeba hayakufungwa pamoja na soko.

Na yametugeukia wenyewe. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania, Bara na Visiwani, waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walieleza kunyang'anywa pasi, kucheleweshewa au kunyimwa mshahara, kufanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko, na wengine kupigwa na kudhalilishwa. Kichwa cha ripoti ile kwa Kiswahili ni kufanya kazi kama roboti. Tulilia kwa ajili yao, wengine ni jamaa zetu. Halafu tunarudi nyumbani tunamtazama msichana aliyetoka Sikonge au Urambo tunamwambia, kwa mzaha, kwamba roboti ni bora kuliko yeye.

Najua jibu: wanaiba, wanatoroka, wana simu usiku kucha. Wapo. Wapo pia mabosi wanaoiba, na mshahara wa miezi minne usiolipwa ni wizi hata kama hakuna aliyeitwa polisi. Tuhesabu basi. Amri ya mishahara ya Bara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayelala kwa mwajiri wake. Tuseme roboti la kujimwaga umelipata kwa shilingi 1,500,000. Hiyo ni miezi 25 ya mshahara huo. Mwenye uwezo wa kuitoa mara moja kwa mashine asiniambie kwamba 60,000 inamlemea, wala asiniambie hana cha kuongeza.

Mtume alituagiza kuhusu walio chini ya mikono yetu kwamba wale tunachokula, wavae tunachovaa, wasitwishwe wasiloliweza, na tukiwatwisha tuwasaidie. Hapo kwenye kusaidiwa ndipo mahali pa roboti. Linunuliwe ili mgongo wake upumzike, afundishwe yeye wa kwanza kuliendesha, na saa aliyookoa iwe yake: ashone, asome, alale mchana kama unavyolala wewe. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa ndani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ile pesa uliyobakiza kwa kuacha kituo cha kujimwaga ianze na malimbikizo yake. Kisha muulize siku anayoitaka, Ijumaa au Jumapili kwa dini yake, umwachie kuanzia wiki hii. Siku hiyo roboti lifagie, na kisanduku kikijaa, shoga yangu, kakung'ute wewe.