Jimbo likinyamazishwa, raia naye ananyamazishwa

Wakongomani wenzetu,

Kuna sentensi moja ndani ya Katiba yetu ambayo kila raia anapaswa kuijua kwa moyo, akiwa Beni, Bunia, Lubumbashi ao Kananga. Iko katika kifungu cha 220. Kwa maneno yetu inasema hivi: ni marufuku kubadilisha Katiba ili kupunguza haki na uhuru wa mtu, ni marufuku pia kupunguza mamlaka ya majimbo na ya miji, komini, sekta na sheferi.

Vitu viwili, sentensi moja. Wale walioiandika Katiba ya 2006 walijua kwa nini. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilikuwa imeyapa majimbo nguvu nyingi. Mobutu akachukua utawala tarehe 24 mwezi wa 11, 1965. Mwaka uliofuata akapunguza majimbo toka 21 mpaka 12, kisha yakabaki 8 na Kinshasa. Katiba ya 1967 ikarudisha kila kitu mikononi mwa mtu mmoja. Na chama kimoja kikafuata. Wazazi wetu wanajua mengine.

Mwaka 2011 tuliona tena. Katiba ikaguswa, Rais akapewa uwezo wa kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana wakati wa mgogoro. Marekebisho yale yale yakaondoa duru ya pili ya uchaguzi wa Rais. Siku moja, jimbo likapoteza na mpigaji kura akapoteza.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini na ndugu zetu wa Ituri hatuhitaji vitabu ili kuelewa hii. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, tuko chini ya état de siège. Gavana wa kiraia aliondolewa, jenerali akawekwa. Bunge la jimbo likasimamishwa. Raia mwenye kesi ya jinai akapelekwa mbele ya korti ya kijeshi. Kifungu cha 144 kinasema hali hii ni ya siku 30, kisha inaweza kuongezwa siku 15. Wakaongeza 15, kisha 15, kisha 15, mpaka tukachoka kuhesabu. Vijana waliotoka njiani kuuliza mwisho ni lini wakafungwa. Nani angewatetea? Mbunge wa jimbo alikuwa amefungiwa mlango.

Na usalama tulioahidiwa uko wapi? Bunagana ilianguka tarehe 13 mwezi wa 6, 2022. Goma ikaanguka mwezi wa kwanza 2025. Huko Beni na Djugu watu waliendelea kuzikwa. Nguvu yote ilikuwa mkononi mwa wanajeshi, na hakukuwa hata bunge moja la jimbo la kuwauliza maswali.

Tuzungumze pia franga. Kifungu cha 175 kinasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inakatwa palepale inapokusanywa. Lakini Kinshasa inachukua yote, kisha inarudisha kidogo, wakati inapotaka. Gavana anayengojea franga za Kinshasa ili alipe wafanyakazi wake hawezi kuiambia Kinshasa hapana.

Wengine watasema: munataka kugawa inchi. Hapana! Kongo ni moja, na wale wanaoingia na bunduki kutuchagulia viongozi hawasemi kwa jina letu. Tunaomba tu Katiba ya Kongo iheshimiwe ndani ya Kongo. Wengine watasema magavana na wabunge wa jimbo nao wanaiba. Ni kweli, na tutaendelea kuwasema. Lakini mwizi wa karibu unaweza kumsimamia mlangoni. Yule wa Kinshasa utamfikia na ndege gani?

Ndiyo maana tunashika macho tangu Rais atangaze huko Kisangani, mwezi wa 10, 2024, kwamba anataka Katiba mupya. Atakayegusa kifungu cha 220 atakuwa amegusa jimbo lako na mdomo wako kwa mara moja.

Kwa hiyo tunaomba:

– Mabunge ya majimbo yote 26 yaseme wazi, kwa kura na kwa maandishi, kama yanakubali kupunguziwa mamlaka. Kifungu cha 161 kinawapa maspika wao na magavana haki ya kuomba Korti ya Katiba ifafanue Katiba. Waitumie!

– Maseneta wakumbuke kwamba wanachaguliwa na mabunge ya majimbo. Wasipige tena kura ya kuongeza état de siège bila kuja kutusikiliza.

– 40% ikatwe palepale, na kila gavana abandike hadharani kile alichopokea na alichotumia.

– Na wewe raia, kifungu cha 26 kinakuomba kujulisha wakubwa kwa barua kabla ya kuandamana. Hakikuombi kutafuta ruhusa. Kifungu cha 162 kinakuruhusu kupeleka mbele ya Korti ya Katiba sheria inayovunja Katiba.

Mutafute mbunge wenu wa jimbo wiki hii. Mumuulize swali moja tu: kifungu cha 220, uko upande gani? Jibu lake muliandike, mulitunze mpaka siku ya uchaguzi.