Kurudia Mtihani Bila Kurudia Kosa: Mwanafunzi wa Kiswahili na GMAT

Wahenga walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Usemi huu unawahusu kwa karibu wahitimu wanaojiandaa kwa GMAT, mtihani ambao shule nyingi za biashara duniani huutumia kuwateua wanafunzi wa shahada ya uzamili. Miongoni mwao wamo waliosomea ualimu wa Kiswahili na somo la biashara mjini Kakamega, ambao baada ya miaka michache darasani hutamani kuongoza shule, kampuni za uchapishaji au biashara zao wenyewe. Matokeo ya kwanza yanapokuwa chini ya matarajio, swali linaloibuka ni moja: alama hizo zitapandishwaje?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba aliyezama katika Kiswahili amepungukiwa na Kiingereza, na kwamba dawa yake ni kukariri orodha ndefu za msamiati. Jibu hili lina madhara mawili. Kwanza, humfanya mtahiniwa aione taaluma yake kuwa mzigo. Pili, humpeleka kutibu ugonjwa asiokuwa nao.

Ikumbukwe kwamba mtihani wenyewe umebadilika. Toleo jipya lilianza Novemba 2023, na lile la zamani likakomeshwa mapema mwaka wa 2024. Maswali ya kusahihisha sarufi ya sentensi za Kiingereza yaliondolewa, na insha pia ikaondolewa. Sehemu ya lugha iliyobaki ina maswali 23 ya kujibiwa kwa dakika 45, nayo ni ya aina mbili tu: ufahamu wa vifungu na uchambuzi wa hoja. Kinachopimwa, basi, ni uwezo wa kutambua mwandishi anadai nini, anategemea ushahidi gani, na ni dhana ipi aliyoiacha bila kuitaja.

Je, ujuzi huu ni mgeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili? La hasha. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE hutenga alama 15 kwa ufahamu na alama 15 kwa ufupisho. Anayefupisha kifungu hulazimika kuitenga hoja kuu na mifano inayoifafanua. Mhakiki wa riwaya naye hulazimika kupima iwapo maneno ya mhusika yanathibitishwa na matendo yake. Hii ndiyo kazi ile ile, japo imevikwa vazi jingine.

Tuseme kwamba kiwanda fulani cha sukari kilipandisha bei ya miwa, na msimu uliofuata wakulima wakavuna miwa mingi zaidi. Meneja akahitimisha kwamba bei ndiyo iliyoongeza mavuno. Mwanafunzi makini atauliza: je, mvua ilikuwa sawa katika misimu yote miwili? Je, miwa iliyovunwa haikuwa imepandwa kabla bei haijapanda? Mkulima yeyote wa Kakamega anajua kwamba muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukatwa. Aliyeliona pengo hilo katika hoja ya meneja ameshajibu swali la aina inayotahiniwa katika GMAT, tena kwa Kiswahili.

Hata hivyo, haifai kujipongeza kabla ya wakati. Katika madarasa mengi ufahamu umegeuzwa kuwa zoezi la kuwinda sentensi na kuinakili. Mwanafunzi huulizwa nani alifanya nini, wala haulizwi iwapo hitimisho la mwandishi linafuata kutoka kwa sababu alizozitoa. Hapa ndipo wahadhiri wa Kiswahili wanapopaswa kuwajibika. Tahariri za magazeti ya Kiswahili, hotuba za bajeti na matangazo ya biashara ni malighafi tosha ya kufundishia uchambuzi wa hoja. Darasa la namna hiyo litamfaa atakayefanya GMAT, na litamfaa pia mpigakura.

Kwa upande wake, mtahiniwa ana wajibu wa kuweka daftari la makosa. Kila swali alilokosa liandikwe pamoja na chanzo cha kosa: je, hakukielewa kifungu, alichukua wazo lisilokuwamo, au aliharakishwa na saa? Kisha aitaje hoja ya kifungu hicho kwa sentensi moja ya Kiswahili. Ikiwa hawezi, hakukielewa, hata kama kila neno la Kiingereza analifahamu. Wenye mtihani hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo. Isimalizwe kwa pupa katika wiki moja, bali itumiwe kupima kama makosa ya daftarini yanapungua.

Ni kweli kwamba Kiswahili hakiwezi kuchukua nafasi ya Kiingereza ndani ya chumba cha mtihani. Vifungu ni vya Kiingereza na muda ni mchache, kwa hivyo hapana budi kusoma makala ya Kiingereza kila siku ili kuzoea kasi. Vilevile, sehemu ya lugha ni theluthi moja tu ya jumla ya alama, ambazo huanzia 205 hadi 805. Maswali 21 ya hisabati na 20 ya uchanganuzi wa data yana uzito sawa na wa lugha. Mwanafunzi wa fasihi aliyeiaga hisabati kidato cha nne ana kazi ya kuirudia tangu asilimia na uwiano, na hakuna njia ya mkato.

Kanuni zinamruhusu mtahiniwa kurudia mtihani baada ya siku 16. Lakini ruhusa si ushauri. Ada hulipwa upya kila mara, na anayerudi na mazoea yale yale hana sababu ya kutarajia matokeo tofauti. Afadhali akae miezi mitatu na daftari lake, akijua kwamba lugha aliyoisomea ilimfunza kufikiri. Kilichobaki ni kuutumia ujuzi huo kwa makusudi.