Anayepigwa dripu ya kemo asiambiwe alale tu

Mwanamke akianza kemo, nyumba nzima hutoa amri moja: pumzika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Temeke, nimetibiwa saratani ya titi, na najua upendo ulio ndani ya amri hiyo. Mama mkwe wangu alikuwa akininyang'anya hata kikombe nilichonywea chai nisikioshe. Lakini uchovu wa kemo si uchovu wa kulima. Wa kulima ukilala unakwisha. Huu unaamka nao, na kadiri unavyokaa kitandani ndivyo misuli inavyolegea na mwili kuzidi kuwa mzito.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja, tukiwa kwenye benchi tunasubiri majibu ya damu. Alituambia tukae wima, nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi puani taratibu hadi tumbo lijae, huku mikono ikipanda usawa wa kifua. Itoe kwa kinywa, polepole kuliko ilivyoingia, mikono ikishuka. Waliofanyiwa upasuaji waliinua mkono mpaka pale ulipokubali, basi. Akili ibaki kwenye pumzi. Ikikimbilia ada za watoto, irudishe bila kuigombeza.

Kichefuchefu cha ile dawa nyekundu ya kemo hakikuondoka. Kilichorudi ni usingizi, na hofu ya sindano ikapungua: muuguzi akitafuta mshipa wa kuweka kanula, mimi nahesabu pumzi. Baadaye nilipobadilishiwa dawa, vidole vya miguu vikaingia ganzi, nikawa nafanya mazoezi yale nimesimama nyuma ya kiti nimekishika, nikihamisha uzito toka mguu huu kwenda ule.

Mazoezi hayo ni ndugu wa tai chi na qigong za Wachina, ambamo mwendo wa pole, pumzi na utulivu wa akili huenda pamoja. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilizitaja katika mwongozo wake kuhusu uchovu wa wagonjwa walio kwenye matibabu, sambamba na mazoezi ya kawaida ya mwili. Kwa hiyo mtu asiseme ni mambo ya wenye muda wa kuchezea.

Wapo wanaouliza kama hii si ibada ya watu wengine. Pale kwenye benchi, bibi mmoja alikuwa akitoa pumzi na kusema kimoyomoyo, "Alhamdulillahi." Dada wa pembeni yake alilitaja jina la Yesu. Pumzi ni ileile, na hakuna aliyeombwa aache dini yake.

Ninachokiogopa ni wale watakaokwambia uache dripu, upumue tu utapona. Huo ni uongo unaoua. Mazoezi haya hayagusi uvimbe. Yanakusaidia kuistahimili dawa inayoupiga. Joto likifika nyuzi 38, usinyooshe hata mkono, kimbilia hospitali, kwa sababu seli nyeupe zikishuka homa ni hatari. Na kama saratani imefika kwenye mifupa, muulize daktari kwanza ni mwendo upi unakufaa.

Ocean Road, Bugando, KCMC na kliniki nyingine za saratani zina wagonjwa wanaosubiri kwa saa nyingi. Sidai mashine wala jengo jipya. Nadai nusu saa ya muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo, siku za dripu, palepale kwenye mabenchi. Mgonjwa aandikiwe mazoezi hayo kwenye cheti chake kama anavyoandikiwa dawa ya kuzuia kutapika, na ndugu aliyemsindikiza afundishwe pamoja naye, ili siku miguu inapokosa nguvu awepo wa kumshika kiuno.